Punje ya Haradali na Filimbi ya Utete

Mwaka 1993 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi mkoani Tanga. Mwezi wa Julai mwaka huo mwanafunzi mmoja wa darasa la saba alifiwa na mama yake. Alikaa nyumbani siku saba, akarudi shuleni, lakini darasani hakurudi. Kengele ikilia, wenzake huingia, naye hubaki chini ya mwembe, daftari magotini, wala halifungui. Siku ya tatu nikamwita ofisini. Nikamwambia maneno ambayo wakati ule niliyaona kuwa ya hekima: kwamba kifo ni cha wote, kwamba mtoto wa kiume halii, kwamba mtihani uko mlangoni, na kwamba machozi yake hayatamrudisha mama yake. Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akaenda darasani. Mtihani akaufanya na akafaulu. Mimi nikaliweka tukio lile miongoni mwa mafanikio yangu ya kazi.

Miaka 24 baadaye, mwaka 2017, mke wangu alifariki dunia. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka 41. Watu wema wakanijia na kuniambia maneno yale yale, kasoro lile la mtihani, nami nikawaitikia kama alivyoitikia yule mtoto. Ndipo nilipoyafahamu maneno yale kwa upande wa pili. Hayakuwa uongo. Kifo ni cha wote kweli, na kilio hakimrudishi mtu. Lakini yalinipita bila kunilowesha, kama maji juu ya jani la mgomba.

Insha hii ni habari ya nilichokitafuta baada ya hapo, na ya mahali nilipokitafuta. Huenda msomaji akapaona kuwa mbali mno kwa mzee wa Tanga: kwa Budha wa Bara Hindi na kwa washairi wa kale wa Uajemi.

Niseme mapema kwamba mimi si msomi wa mambo haya. Elimu yangu iliishia chuo cha ualimu, na yote niliyoyasoma nje ya hapo niliyasoma kwa taa yangu mwenyewe. Kiajemi sikijui, wala Kipali, lugha iliyohifadhi maandiko ya kale ya Wabudha. Nimesoma tafsiri za Kiingereza, na kwa Khayyam nimebahatika kusoma Kiswahili, kwa kuwa Shaaban Robert, mtu wa Tanga kama sisi, alizifasiri rubai zake kutoka Kiingereza cha Edward FitzGerald. Vitabu vingine vilinifikia katika sanduku. Mwalimu mwenzangu, mstaafu kama mimi, alikuwa anahamia kwa mwanawe, akaniambia, "Chukua, ndugu yangu, mchwa wasije wakavisoma kabla yako." Nilivisoma usiku, kwa sababu usiku ndio uliokuwa mrefu.

Mwanzoni nilidhani nawakutanisha watu wasiojuana. Budha aliishi karne nyingi kabla ya Nabii Isa, katika nchi ambazo leo ni Nepal na kaskazini ya India. Washairi wa Kiajemi ninaowazungumzia waliishi baina ya karne ya 10 na ya 13, na walikuwa Waislamu. Lakini nilivyozidi kusoma niliona kwamba watu hawa walikuwa majirani, tena majirani wa muda mrefu.

Upo mji uitwao Balkh, kaskazini mwa Afghanistan ya leo. Kabla ya Uislamu mji ule ulikuwa na monasteri kubwa ya Wabudha iliyoitwa kwa Kisanskriti Nava Vihara, maana yake monasteri mpya. Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyesafiri kwenda India, alipita huko mnamo mwaka 630 na kuandika habari zake. Wenye kusema Kiajemi waliligeuza jina hilo likawa Nowbahar, ambalo masikioni mwao linasikika kama masika mapya. Wasimamizi wa monasteri hiyo waliitwa kwa cheo cha Barmak, na wajukuu zao waliosilimu ndio ukoo wa Barmaki, mawaziri wa Harun Rashid kule Baghdad. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yule Waziri Jafari tuliyemsoma utotoni katika Alfu Lela Ulela, akizunguka mitaani usiku pamoja na khalifa wake, ni mtu aliyekuwapo kweli, aliuawa kwa amri ya Harun mwaka 803, na babu zake walikuwa watunzaji wa hekalu la Kibudha.

Katika nchi za Balkh hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Jalaluddin Rumi mwaka 1207. Huko pia inawekwa hadithi ya Ibrahim bin Adham, mwana wa mfalme aliyeacha kiti cha enzi akavaa nguo za maskini. Hadithi hiyo waliisimulia sana masufii, akiwamo mshairi Attar wa Nishapur, na anayeijua habari ya Siddhartha Gautama, mtoto wa mtawala aliyetoka usiku katika jumba la baba yake, hawezi kukosa kuona kuwa sura zinafanana. Hata neno la Kiajemi la sanamu, "but", limetokana na jina la Budha, na washairi walilitumia kumsifu mpenzi mwenye uso mzuri. Zile sanamu mbili kubwa za Bamiyan zilizochongwa katika jabali, ambazo ulimwengu wote ulisikia zikivunjwa kwa baruti mwezi wa Machi 2001, zilisimama zaidi ya miaka elfu moja katika nchi ya watu wasemao Kiajemi.

Basi nilipowasoma pamoja, sikuwa nawalazimisha kukaa kwenye mkeka mmoja. Walikwisha kukaa wenyewe.

Nitatoa mfano mmoja uliokaa kwangu kuliko mingine yote, nao ni wa tembo. Mfano huu upo katika maandiko ya kale ya Wabudha. Mfalme mmoja wa Savatthi aliwakusanya watu waliozaliwa vipofu, akaamuru waonyeshwe tembo kwa kumgusa. Aliyegusa kichwa akasema tembo ni kama mtungi. Aliyegusa sikio akasema ni kama ungo. Mwenye mguu akasema ni nguzo, mwenye mgongo akasema ni kinu, mwenye mkia akasema ni mchi, na mwenye ncha ya mkia akasema ni ufagio. Wakabishana mpaka wakapigana ngumi, na mfalme akafurahi kuwatazama. Budha aliutoa mfano huo alipoambiwa juu ya watu wa madhehebu mbalimbali waliokuwa wakitukanana mjini.

Miaka mingi baadaye tembo yule yule anatokea katika mashairi ya Sanai wa Ghazni, kisha katika Masnavi ya Rumi. Lakini Rumi amebadili jambo moja. Katika masimulizi yake watu si vipofu. Wana macho mazima, ila tembo amewekwa ndani ya nyumba yenye giza. Mmoja anagusa mkonga akasema ni bomba la maji, mwingine sikio akasema ni upepeo, mwingine mgongo akasema ni kiti cha enzi. Rumi anasema kwamba kila mmoja angalikuwa na mshumaa mkononi, ubishi ungalikwisha.

Nilifundisha ufahamu kwa miaka mingi, na nilizoea kuwaambia wanafunzi: pale hadithi moja inaposimuliwa na watu wawili, tazama kilichobadilika, ndipo penye maana. Kwa Budha kasoro iko jichoni. Dawa yake ni kulitibu jicho, nayo ni kazi ndefu ya mtu mwenyewe, ya kutazama kwa utulivu na kujizoeza kila siku. Hawezi kuifanya mwingine kwa niaba yake. Kwa Rumi jicho ni zima, kilichokosekana ni nuru, na nuru haitoki jichoni, inaletwa. Kwake yeye ililetwa mwaka 1244 na mtu aliyefika Konya kutoka Tabriz, jina lake Shams, ambalo ni neno lile lile tunalolijua, shamsi, yaani jua. Yule mwanachuoni mwenye kilemba na wanafunzi akaacha darasa zake kwa ajili ya kuongea na mtu huyo. Baada ya miaka michache Shams akatoweka, Rumi akaenda kumtafuta hata Damascus, asimpate, na kutokana na kumkosa huko yakatoka maelfu ya beti, ambazo diwani yake inaitwa kwa jina la Shams na si kwa jina la mwenyewe aliyezitunga.

Hapa ndipo nilipofika kwenye jambo lenyewe. Hawa majirani wanakubaliana juu ya ugonjwa, hawakubaliani juu ya kiu.

Wanakubaliana kwamba dunia hupita. Katika hilo hata sisi wa pwani hatukuhitaji kufundishwa na mgeni. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inatupeleka katika majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, na kutuonyesha yakiwa yamebaki kwa popo na buibui. Omar Khayyam, aliyezaliwa Nishapur mwaka 1048, alikuwa mtu wa hesabu na nyota, mmoja wa waliotengeneza kalenda ya Kiajemi ya mwaka 1079. Katika rubai zinazohesabiwa kuwa zake, maana si zote zilizo na hakika, anautazama mtungi wa mfinyanzi na kufikiri kwamba udongo ule huenda ulikuwa mkono wa mfalme. Budha angalimsikia, angalitikisa kichwa kukubali. Kisha Khayyam anasema, kwa kuwa ndivyo ilivyo, tushike saa hii iliyopo na kikombe kilichomo mkononi. Hapo Budha angaliacha kutikisa kichwa.

Kwa sababu Budha alifundisha kweli nne. Ya kwanza ni kwamba maisha yamechanganyika na mateso. Ya pili ni kwamba mateso hayo yana chanzo, na chanzo chake alikiita kwa neno ambalo maana yake hasa ni kiu. Ni kiu ya kupata, kiu ya kuendelea kuwa, kiu ya kuondokana na tusichokitaka. Ya tatu ni kwamba kiu ikikoma, mateso hukoma. Ya nne ni njia ya kuifikia hali hiyo. Nirvana, neno ambalo watu wengi hulidhania kuwa ni aina ya pepo, maana yake ya asili ni kuzimika, kama taa inavyozimika mafuta yakiisha.

Mwanamke mmoja wa Savatthi aliyeitwa Kisa Gotami alifiwa na mwanawe mdogo. Akambeba begani nyumba hadi nyumba akiomba dawa, watu wakamwona ana wazimu, mpaka mmoja akamwelekeza kwa Budha. Budha hakumwambia kuwa mtoto amekufa. Alimwambia alete punje za haradali, jambo rahisi, kwani haradali haikosekani katika jiko la Kihindi kama chumvi isivyokosekana kwetu. Sharti lilikuwa moja tu, zitoke katika nyumba ambayo hakujafa mtu. Akaenda. Kila nyumba haradali ipo, na kila nyumba wamekufa watu. Jioni alikuwa ameelewa. Akaenda kumpumzisha mwanawe, kisha akarudi kwa Budha bila haradali.

Niliposoma kisa hicho nilifunga kitabu, na kesho yake nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Kutoka kwangu mpaka sokoni kuna nyumba 23 upande wa kulia wa barabara. Nilitembea nikiziuliza kimoyomoyo. Ya kwanza, kijana wao alikufa kwa pikipiki. Ya pili, baba. Ya tatu, mapacha hawakuishi siku mbili. Ya nne, mama mwenye nyumba, na baada ya mwezi mumewe. Nilikuwa nimepita katika barabara ile kwa miaka 30 na nilikuwa nimekwenda katika misiba karibu yote ile, nimekaa kwenye mikeka yao, nimekula wali wao. Lakini sikuwa nimewahi kuzihesabu pamoja. Nyumba ya 19 ilikuwa imepangwa na kijana mgeni na mkewe. Nikajisemea, hapa pengine nitapata haradali. Kijana alikuwa nje akiosha baiskeli, akaniamkia, "Shikamoo, mzee. Pole na msiba, tulisikia." Nikamwitikia na kumshukuru. Bila kuulizwa akasema, "Mimi mama aliniacha nina miaka sita."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepona ugonjwa mmoja. Ugonjwa huo ni lile swali, kwa nini mimi? Halijanirudia tangu siku ile, na kwa hilo namshukuru Budha kama mtu anavyomshukuru mganga wa kabila jingine aliyemponya mguu.

Lakini ugonjwa wa pili ulibaki. Kila baada ya sala ya alasiri marehemu alikuwa akichemsha chai ya tangawizi, nami hutoa vikombe kabatini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu pekee jikoni. Miezi mingi baada ya kumzika, mkono wangu uliendelea kutoa vikombe viwili. Nilijua kifo ni cha wote, nilikuwa na nyumba 23 za kunishuhudia, na mkono ulitoa vikombe viwili. Je, hiyo ndiyo kiu niliyotakiwa niizime? Na kama ningeizima, ningebakiwa na nini chake?

Hapo ndipo Waajemi waliponijia. Masnavi ya Rumi, kitabu chenye beti zipatazo 25,000, kinafunguliwa na filimbi. Ni filimbi ya utete, na inalalamika kwamba ilikatwa kutoka katika matete ilikozaliwa, na tangu hapo sauti yake ni kilio cha kutaka kurudi. Msomaji afikiri kidogo juu ya utete. Ukiwa bado mtoni hauna sauti isipokuwa mchakacho wa upepo. Ni lazima ukatwe, utobolewe matundu, utupu uwe ndani yake, ndipo upulizwe na watu wasikie. Kwa hiyo kutengwa, ambako kwa mtu mwingine ni jeraha tu, kwa Rumi ndiko kunakofanya muziki upatikane. Kiu kwake si ugonjwa. Ni habari kwamba maji yapo mahali fulani, na ni kamba ya kumvuta mtu huko. Mwenye kuikata kamba ile anapata raha, lakini amebaki alipo.

Wala hakuwa Rumi peke yake. Saadi wa Shiraz, katika Bustan aliyoimaliza mwaka 1257, anasimulia jinsi mtoto wake alivyokufa kule Sanaa, Yemen, na jinsi yeye mwenyewe, kwa kuchanganyikiwa, alivyokwenda kung'oa jiwe la kaburi lake. Firdausi, katikati ya kazi yake kubwa ya Shahnameh yenye habari za wafalme na vita, anasimama na kumlilia mwanawe aliyekufa na miaka 37, ilhali baba ana 65, kana kwamba anamlaumu kwa kutangulia. Watu hawa walikuwa walimu wa mataifa. Hawakuficha machozi yao ili waonekane na hekima.

Nikajiona nimefika njia panda. Huku naambiwa zima, huku naambiwa fuata. Siku moja nilikuwa Dar es Salaam kwa matibabu ya macho, nikaenda Upanga, ambako kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu wa Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, enzi za ukoloni. Nilimkuta mtawa mmoja chini ya mti, nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha shule kama dini yao inamkataza mtu kumkumbuka mkewe. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama najua habari ya Ananda. Sikuijua. Akanisimulia.

Ananda alikuwa binamu wa Budha na mtumishi wake kwa miaka mingi. Budha alipokuwa amelala akingoja kufa, katika mwaka wake wa 80, Ananda alitoka akaenda kuegemea mlango akalia, akisema bado ana mengi ya kujifunza na mwalimu anamwacha. Budha akauliza yuko wapi, akaagiza aitwe. Alimkumbusha kwamba vyote tuvipendavyo ni vya kuachana navyo. Kisha, mbele ya watawa wote, akamsifu Ananda kwa wema wake na kwa jinsi alivyomhudumia kwa upendo muda wote ule. "Hakumfukuza," mtawa akaniambia. "Alimwita karibu." Akaeleza kwamba kiu inayokatazwa ni ile ya kung'ang'ania, ya kutaka kilichopita kisipite. Kumtakia mtu mema, kumkumbuka kwa shukrani, hiyo si kiu.

Hapo ningeweza kumaliza insha yangu kwa kusema kwamba wote husema jambo moja. Wengi husema hivyo, nami nilishawishika. Lakini mwalimu akisahihisha majibu mawili tofauti kwa alama moja ili kuepuka ugomvi, amewadhulumu wanafunzi wote wawili. Masufii wana neno fanaa, kutoweka kwa nafsi, na wapo wanaolilinganisha na nirvana. Yanakaribiana, lakini hayafanani. Baada ya fanaa sufii anangojea bakaa, kudumu ndani ya Mwenyezi Mungu; mlangoni mwake yupo Mpenzi anayemngoja. Rumi alipofariki Konya mwezi wa Desemba 1273, wafuasi wake waliuita usiku ule usiku wa harusi. Budha hakuahidi harusi. Alikataa hata kujibu maswali ya namna hiyo, akisema hayaponyi. Mimi ni Mwislamu, na katika hilo najua niko upande gani. Lakini kuwa upande wangu hakunizuii kuona kwamba yule wa upande wa pili aliniponya kitu ambacho wa upande wangu hawakukiponya.

Nirudi sasa kwa yule mtoto wa chini ya mwembe. Siku ya arobaini ya marehemu alikuja katika khitima. Alikuwa mtu mzima, fundi wa umeme, na watoto watatu. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Wageni walipopungua nikamwuliza kama anakumbuka siku niliyomwita ofisini. Nadhani nilitaka anishukuru.

"Nakumbuka, mwalimu," akasema. "Siku ile niliingia darasani kwa kukuogopa. Kusoma nilianza baadaye." Akanyamaza, kisha akasema, "Mama ndiye aliyenirudisha shule." Nikafikiri anasema juu ya mama yake. Kumbe alimaanisha mke wangu. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya shule. Kila asubuhi, kabla ya kengele, alimwita yule mtoto kwenye mlango wa jikoni akampa kikombe cha uji. Wiki nzima hakumwuliza chochote. Siku moja akamwuliza, "Mama yako uji wake alikuwa anautia nini?" Mtoto akasema, ndimu na pilipili manga kidogo. Kesho yake uji ukawa na ndimu na pilipili manga. "Nilipouonja nililia, mwalimu, na yeye akalia. Halafu akaniambia, haya, kengele hiyo, nenda."

Miaka 24 nililala kitanda kimoja na mwanamke yule na hakuwahi kuniambia habari hiyo. Nami nilipoisikia siku ya arobaini, nilisikia uji tu. Ilinichukua punje ya haradali, filimbi na tembo wawili kuelewa alichofanya. Aliiacha kiu ya mtoto iseme jina la ilichokikosa, kisha akamwambia kengele imelia.

Nikistaafu mwaka 2011 nilipewa kiti cha mbao na hotuba ndefu iliyotaja nidhamu na ufaulu. Kama ningepewa nafasi ya kurudi hata siku moja, ningemwita tena mtoto yule ofisini, nisimwambie kitu juu ya kifo, maana alikuwa anakijua kuliko mimi. Ningemwuliza mama yake alikuwa anaitwa nani. Walimu vijana watakaosoma hapa nawaomba wajaribu hilo. Halihitaji Kiajemi wala Kipali.

Bado natoa vikombe viwili, si kila siku, lakini hutokea. Zamani nilikuwa nakirudisha cha pili haraka kabla mjukuu hajaniona. Siku hizi nakiacha mezani mpaka nimalize chai yangu, kisha navisuuza vyote viwili na kuvirudisha kabatini.